Mtoto wa Jicho

Zilpa alirudi Tarime mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa zinaaga, na aliposhuka stendi watu walidhani amekuja kufungua duka. Mkono mmoja begi la nguo, mkono mwingine mfuko mkubwa wa vitu vya kuchezea watoto: ng'ombe wa plastiki, vigari, sufuria ndogo, wanasesere wenye nyuso za furaha na wenye nyuso za hasira. Dereva wa bodaboda akamuuliza, "Mama, hivi vya jumla au rejareja?" Zilpa akacheka, akampa mfuko aufunge nyuma, akapanda.

Havikuwa vya kuuza. Zilpa alikuwa anasomea shahada ya uzamivu Dar es Salaam, na utafiti wake ulihusu namna watoto wadogo wanavyoelewa sitiari, yaani pale mtu anapokipa kitu jina la kingine, kama anaposema baba ni simba au huyu jirani ni mwiba. Angeweza kuufanya Kibaha, akawa anakwenda na kurudi. Msimamizi wake, Profesa Batholomeo, alimshangaa. "Tarime yote hiyo kufuata watoto? Kwani watoto hawako kila mahali?" Zilpa akajibu kwamba kule Kiswahili ni lugha ya pili, watoto wanakipokea juu ya Kikurya na Kijaluo, na tafiti nyingi za jambo hili zimefanywa kwa watoto wa Ulaya na Amerika. Yote hayo yalikuwa kweli. Lililo kweli zaidi hakulisema: binti yake wa pekee, Beryl, alikuwa Tarime, na safari hii alikuwa anakwenda kumchukua.

Beryl alikuwa na miaka miwili baba yake, Odongo, alipofariki. Odongo alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, akivuka mpaka wa Sirari kwenda Migori na kurudi, hadi siku lori alilopanda lilipopinduka. Mwaka uliofuata Zilpa akapata ufadhili wa masomo. Mama mkwe wake, Akello, ambaye alizaa mapacha, mmoja akamzika akiwa mchanga na sasa alikuwa amemzika Odongo, wa pili, akamwambia, "Nenda ukasome. Mtoto niachie, nitamlea kama nilivyomlea baba yake." Zilpa akaenda akijua ni kwa mwaka mmoja. Mwaka ukazaa mwaka, Beryl akafika miaka sita. Mara chumba hakitoshi, mara vipindi vya kufundisha ni vingi, mara mtoto ameshazoea. Kila Krismasi alikuja, na kila Krismasi Beryl alijificha nyuma ya gauni la bibi yake. Siku alipoanza kumzoea mama yake na kumkalia mapajani, ndiyo siku mama alipokwenda kukata tiketi.

Beryl alimwita bibi yake Dani, kama Wajaluo wanavyowaita bibi zao. Na Zilpa, Beryl alimwita Mama wa Dar. Alilitamka bila ubaya wowote, kama mtu anavyosema mama wa maziwa au mama wa mkaa, na Zilpa aliitika.

Nyumba ya Dani ilikuwa Bomani, nyuma ya mstari wa maduka, na cherehani yake ilikaa barazani. Alishona sare za shule na majoho ya kwaya za makanisa, na mtaa mzima ulimjua kwa mlio wa ile pedeli. Zilpa alipofika alifungua begi akatoa gauni la njano. Alikuwa amelinunua Kariakoo kwa kukisia, akaliweka mbele ya mwili wake pale dukani na kujiambia, atakuwa anafika hapa. Beryl alilivaa. Halikupita mabegani.

"Nimekua," akasema kwa upole, kama anayeomba radhi.

"Lete, nitalifumua niongeze kitambaa," Dani akasema. Akalipapasa gauni mshono kwa mshono, uso wake ukielekea upande mwingine kabisa, na hapo ndipo Zilpa alipogundua kwamba macho ya mkwe wake yalikuwa yameharibika kuliko alivyoambiwa kwenye simu. "Wang'a, nitungie uzi."

Wang'a, yaani jicho langu. Ndivyo alivyomwita Beryl siku zote. Beryl akaja mbio, akaulamba ncha ule uzi wa njano, akaupitisha kwenye tundu la sindano kwa mara moja, akabaki ameegemea bega la Dani. Zilpa aliwatazama wale wawili. Aliona wivu, kisha akaona aibu ya kuona wivu.

Wiki hiyo hiyo alianza kazi Matongo. Kule ni kwenye mashimo ya dhahabu. Watoto wa wakulima na wafugaji wa Kikurya wanakaa dawati moja na watoto wa wachimbaji waliotoka Kahama, Geita na Kigoma. Mwalimu Heche wa darasa la awali alimpa chumba kilichokuwa stoo ya majembe, Zilpa akakifagia, akatandika mkeka, akapanga vitu vyake.

Watafiti wa zamani walikuwa wakimuuliza mtoto moja kwa moja: ukisikia "jirani yule ni jiwe", maana yake nini? Mtoto wa miaka sita akijibu kwamba labda mchawi amemgeuza, wao wakaandika kwamba akili yake bado, angoje mpaka akaribie miaka kumi. Siku hizi mambo yamegeuka. Watafiti wa sasa wanasema kosa lilikuwa kwenye swali. Kueleza maana ni kazi ya wakubwa. Mpe mtoto kisa kifupi cha vitu anavyovijua, mwekee vitu mbele yake achague, utaona hata wa miaka minne anaelewa. Zilpa alitaka kujaribu njia zote mbili kwa watoto wale wale, aone.

Akaona. Godwin, mtoto wa miaka mitano, alipoulizwa "leo baba ni jua" maana yake nini, alikodoa macho tu. Lakini alipowekewa wanasesere wawili na kuambiwa aonyeshe baba aliyerudi nyumbani akiwa jua, alimchukua yule wa uso wa furaha bila kusita, akamsimamisha pale penye sufuria ndogo, akaongeza mwenyewe: "Leo amepata mawe ya dhahabu. Tutakula nyama." Zilpa aliinamisha kichwa ili mtoto asimwone anavyotabasamu. Mtoto baada ya mtoto aliingia akakaa mkekani, na kila mmoja alipoondoka alijikuta akiwaza, huyu kimo chake ni kama cha Beryl. Huyu naye amepoteza jino pale pale alipopoteza Beryl. Watoto wa watu alikuwa anawajua maneno yao yote. Wa kwake hakujua hata anaota nini.

Siku moja mzazi mmoja alikuja shuleni kuuliza binti yake anaulizwa nini huko ndani. Alikuwa mchimbaji, Masanja, mtu wa Kahama, vumbi la mawe limemjaa kwenye nyusi. Zilpa akamweleza kazi yake. Masanja akasikiliza, akavua kofia.

"Hapa ninaye huyu mmoja na mama yake," akasema. "Wawili wakubwa wako nyumbani na bibi yao. Mwaka jana nilikwenda. Yule mdogo akaja akanisalimia, shikamoo mjomba."

"Ukafanyaje?"

"Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje, Mwalimu?"

Wakasimama pale wakitazama watoto wakicheza uwanjani, mpaka Masanja akavaa kofia yake akaenda.

Wiki iliyofuata madaktari wa macho walikuja mjini kupima watu. Zilpa akampeleka Dani, na Beryl akiwa katikati yao, ameshika mkono wa bibi yake na kumwambia penye jiwe, penye mtaro, penye pikipiki. Muuguzi aliyempima alikuwa dada mchangamfu. Akammulika Dani jicho la kulia, akammulika la kushoto.

"Bibi ana mtoto wa jicho," akamwambia Zilpa. "Tena amekomaa. Huyu ndiye anayemzuia kuona. Lazima atolewe."

"Akitolewa ataona?"

"Ataona vizuri sana. Mkichelewa ndiyo tabu. Msimwache akae."

Walipofika nyumbani Dani akakaa kwenye cherehani, Beryl akakaa chini kwenye kizingiti na kijisahani cha maharage ya kuchambua, na Zilpa akaanza kumbembeleza.

"Mama, ukubali. Atolewe tu. Si umesikia? Huyu mtoto ndiye anayekuharibia."

"Nimemzoea," Dani akasema. "Miaka hii yote niko naye. Nimeshajua namna ya kuishi naye."

"Lakini hakufai kitu! Kila siku anazidi kukua, anakuziba. Mwisho utakuwa kipofu kabisa."

"Dada yangu kule Migori walimpasua, hakuona tena. Niacheni. Nitazikwa naye."

Zilpa alikata tamaa, akaenda kuchochea moto. Beryl alibaki kizingitini. Maharage mabovu na mazima aliyaacha yakiwa yamechanganyika.

Kuanzia siku hiyo Beryl alibadilika. Siku zote alikuwa analala kitanda kimoja na Dani, mgongo kwa mgongo. Sasa alichukua kanga yake akaja kulala kwa Zilpa. Dani alipomwita atunge uzi, alikuja, akatunga, akaondoka haraka. Hakuegemea tena bega. Zilpa hakuuliza kitu, aliogopa kuivunja bahati hiyo. Alilala bila kujigeuza, mkono wake chini ya kichwa cha mtoto ukifa ganzi, akimsikiliza anavyopumua, na moyoni akamwambia Odongo, ameanza kuja kwangu.

Jumamosi moja asubuhi, Zilpa akiwa anaosha vyombo uani, Beryl alikuja akasimama mbele yake.

"Mama wa Dar, nichukue twende kwako."

Sahani ilimteleza Zilpa ikaanguka kwenye beseni. "Umesema?"

"Nichukue. Twende Dar. Hata leo."

Miaka yote hiyo alikuwa ameyangoja maneno hayo. Alikuwa ameyasikia ndotoni, ameyatunga mwenyewe akiwa kwenye foleni ya basi, na sasa yalikuja yenyewe bila kuombwa. Alimkumbatia Beryl na mikono yake ikiwa imejaa povu la sabuni, akamlowesha gauni, akacheka na kulia kwa pamoja. Beryl alisimama wima ndani ya mikono ile kama mtu anayepimwa nguo.

Kumwambia Dani ndiko kulikokuwa kugumu. Zilpa alimkuta barazani.

"Mama, Beryl anataka kwenda na mimi."

Dani akakanyaga pedeli, gurudumu likazunguka, sindano ikapanda na kushuka, na chini yake hakukuwa na kitambaa.

"Amesema mwenyewe?"

"Amesema mwenyewe."

"Basi. Mtoto ni wa mama yake." Akaendelea kukanyaga.

Wakakubaliana kwamba Zilpa aende naye kwanza Kisaka, upande wa Serengeti, alikobakiza siku chache za utafiti, kisha warudi kuaga na kushika safari ya Dar. Dani alimfungia Beryl nguo zake kwenye begi la shule, akakunja kila moja kwa kuipapasa. Siku ya kuondoka Beryl hakumpa bibi yake mkono wa kwaheri. Alikimbia akapanda gari, akajiinamia.

"Ndivyo watoto walivyo," Zilpa alijisemea, akitaka sana iwe hivyo.

Wakapita Nyamongo, wakavuka mto Mara, nchi ikafunguka. Mashamba ya mtama na mihogo, ng'ombe wakirudi kisimani. Kisaka walifikia kwa Mwalimu Veneranda, mama wa makamo anayefundisha darasa la awali, nyumba yake iko karibu na shule. Alimpokea Beryl kwa maziwa mgando na maneno mengi. Beryl alikunywa, akashukuru, akaosha kikombe chake mwenyewe.

"Mtoto wako ana adabu," Veneranda akasema. "Lakini mbona kama mgonjwa?"

"Amechoka na safari tu."

Watoto wa Kisaka walikuwa watoto wa mifugo. Aliyekuwa jua kwao hakuwa baba aliyepata mawe, alikuwa ng'ombe aliyezaa. Zilpa alifanya kazi kwa raha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka, kwa sababu kila alipoinua macho alimwona Beryl kwenye dirisha, ameegemeza kidevu mikononi. Mchana walikula pamoja. Alimsuka nywele. Alimwonyesha kwenye simu picha za bahari, za chumba chao, za shule atakayosoma. Beryl alitazama zote na kuitikia, "Ndiyo."

Siku ya pili jioni walikwenda wawili dukani kununua chumvi. Jua lilikuwa bado juu ya vilima. Beryl alikuwa akitembea nyuma kidogo, kisha akaharakisha akawa sambamba na mama yake.

"Dani ameshaanza kuona?" akauliza.

"Bado, mama. Si mpaka atolewe mtoto wa jicho?"

"Lakini mimi nimeshaondoka."

Zilpa alipiga hatua moja zaidi kabla ya kusimama. "Umeshaondoka, ndiyo. Sasa?"

"Daktari alisema mtoto wa jicho atolewe, Dani ataona. Na mimi ndiye jicho lake." Midomo ilianza kumcheza. "Wewe ulimwambia huyu mtoto anakuharibia. Dani akakataa. Nikatoka mwenyewe."

Wakiwa wawili, Dani na Beryl waliongea Kijaluo; Kiswahili kilikuja Zilpa akiwapo. Kiswahili cha Beryl kilikuwa cha darasani na cha dukani, hakikuwa cha hospitali. Jina la ugonjwa ule hakuwahi kulisikia kabla ya siku ile. Zilpa aliyasikia upya maneno yake yote, moja moja, kama yalivyoingia kwenye masikio yale madogo pale kizingitini. Anakuharibia. Hakufai kitu. Kila siku anazidi kukua, anakuziba. Akakumbuka mtoto alivyohama kitanda, alivyoacha kuegemea bega, asije akaziba zaidi.

Alifungua mdomo. Kisha akaufunga.

Kwa sababu alijua, kama mtu anavyojua kisima kiko wapi, kwamba akisema neno moja tu atampoteza. Asiposema, keshokutwa watarudi Bomani, wataaga, watapanda basi. Mtoto atazoea. Watoto huzoea. Siku moja akiwa mkubwa atamweleza na watacheka.

"Twende tununue chumvi," akasema.

Walinunua. Walirudi. Veneranda alipika ugali na dagaa, wakala, na Zilpa hakuonja ladha ya kitu chochote. Beryl alikula vizuri. Alikuwa ameutoa mzigo wake, na sasa alikuwa na uchovu wa mtu aliyefanya jambo jema na gumu. Zilpa alimtazama na kuelewa kitu ambacho usomaji wake wote haukumwonyesha. Kwa vipimo vya zamani, mtoto huyu alikuwa hajaelewa, ameshika maneno jinsi yalivyo. Lakini alikuwa ameelewa kupita kiasi. Alilishika jina la "jicho langu" tangu akiwa mdogo na kulijua maana yake yote: kwamba anapendwa, kwamba anahitajiwa. Akalichukua jina hilo akaliunganisha na jingine, akapata maana, na kwa ajili ya maana hiyo akatoka kwenye nyumba aliyoipenda. Ni mkubwa gani amewahi kufanya hivyo kwa sababu ya maneno?

Asubuhi, kabla watoto hawajafika shuleni, Zilpa alimketisha Beryl kwenye ngazi ya darasa. Alikuwa na mfuko wa nailoni mweupe uliokuja na chumvi. Akauvuta mbele ya macho ya mtoto.

"Unaniona?"

"Kama ukungu."

"Dani anaona hivyo. Ndani ya jicho lake kumeota kitu kama nailoni hii. Hicho kitu ndicho watu wanakiita mtoto wa jicho. Ni jina tu. Hakuna mtoto. Daktari anaondoa ule ukungu, basi."

Beryl aliushika mfuko, akautoa usoni, akaurudisha, akautoa. "Kwa nini wakaita mtoto?"

"Sijui. Labda kwa sababu anaanza mdogo halafu anakua."

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe. Wewe hujawahi kumharibia Dani kitu. Wewe ndiye uliyekuwa unamwonyesha njia."

Mtoto akalia, kilio cha sauti kubwa, cha mdomo wazi, ambacho Zilpa hakuwahi kukisikia tangu Beryl alipokuwa mchanga. Na safari hii alipomkumbatia, Beryl hakusimama wima, alimwangukia kifuani na uzito wake wote. Zilpa alijua kwamba hilo ndilo alilokuwa amelitamani, na kwamba amelipata kwa dakika chache. Alingoja lile swali. Likaja, limelowa machozi.

"Basi naweza kurudi kwa Dani?"

"Unaweza."

"Nikae?"

"Ukitaka kukaa, utakaa."

Beryl alimwangalia usoni, akamfuta shavu kwa kiganja. "Usilie, Mama. Nitakuja siku nyingine."

Hakusema wa Dar. Zilpa hakujua kama ameliacha kwa makusudi au ni pumzi tu iliyokatika, na hakuthubutu kuuliza.

Siku ile Profesa Batholomeo alimpigia kuuliza kazi imefikia wapi, na Zilpa, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia, akamsimulia. Profesa alichangamka. "Hiyo ni hazina, Zilpa! Iweke kwenye sura ya nne."

"Hapana, Profesa. Hiyo ya kwetu nyumbani."

Walirudi Bomani siku iliyofuata. Dani aliposikia kisa chote alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine. Akanyoosha mikono hewani kumtafuta Beryl, akamvuta.

"Yaani uliniacha ili nione?"

"Ndiyo, Dani."

"Na mimi nilikataa kisu, nikadhani nikiona mtaniambia sasa humhitaji tena mtoto." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Zilpa. Nipelekeni kwa hao madaktari."

Zilpa aliahirisha safari. Dani alipasuliwa jicho la kulia kwanza, na kesho yake muuguzi alipomfungua bandeji, alikaa kitandani akipepesa, Beryl akiwa mbele yake amebana pumzi. Dani akamshika kidevu.

"Kovu hili ulilipata lini?"

"Zamani. Nilianguka kisimani."

"Hukuniambia." Akamgeuza uso huku na huku kwa muda mrefu. "Odongo mtupu." Halafu akainua jicho lake jipya kwa Zilpa, aliyesimama karibu na mlango, na akamtazama vile watu wanavyoangalia nguo iliyokaa sandukuni. "Na wewe umekonda hivi tangu lini, mwanangu?"

Zilpa akaja akakaa kitandani, karibu naye.

Siku ya kuondoka wote wawili walimsindikiza stendi, Dani na miwani myeusi ya hospitali, Beryl na gauni la njano lililoongezwa kitambaa cha kijani mabegani. Konda alikuwa anapiga kelele za Mwanza, Mwanza. Dani akamshika Zilpa mkono, akamvuta kando.

"Shule zikifunga mwezi wa kumi na mbili, usije," akasema. "Nitamleta mimi. Nataka kuona unapolala. Akipenda kubaki, nitarudi peke yangu. Asipopenda, tutarudi wote, na wewe utavumilia. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Sikuahidi kitu."

"Najua."

Zilpa akamwinamia Beryl. Beryl alimbusu haraka shavuni, akarudi kusimama karibu na bibi yake, hakulia. Zilpa alipanda, akatafuta kiti chake, akakikuta nyuma kabisa, upande usiokuwa wa stendi. Ilimbidi ainuke na kuchungulia juu ya vichwa vya watu. Aliwaona: Dani ameinua miwani kidogo ili aone vizuri, na Beryl anapunga mkono kwa nguvu zake zote kwenye dirisha la mbele lenye kioo cheusi, akidhani mama yake yuko pale, kumbe alikuwa amekaa mwanamume mwenye koti. Mwanamume yule alisita, akatazama pembeni yake, kisha akainua mkono akampungia mtoto. Beryl akafurahi, akapunga zaidi. Zilpa naye alipunga, kule nyuma, asikoonekana, hata baada ya basi kukata kona.